RAM ya 3600 inanizimia kompyuta nikirenda harusi: nipandishe volti au nishushe kasi?

Pichazangu_Kitangiri
Jumatano, saa 2 usiku

Habari za jioni wakuu. Nipo Kitangiri, Mwanza. Kazi yangu ni kupiga na kuediti video za harusi, sendofu na kipaimara. Mashine ninayofanyia kazi nimeiunga mwenyewe: prosesa Ryzen 5 5600G, madabodi ya B550, RAM mbili za DDR4 za GB 8 kila moja, boksi limeandikwa 3600 CL18 (3600 ni kasi, CL ni kuchelewa kwake kujibu). Kadi ya grafiki ya pembeni sina, natumia ile iliyomo ndani ya prosesa. Mwezi uliopita nikaongeza RAM nyingine mbili za GB 8, za mtumba, hizo ni 3200 CL16. Sloti zote nne zimejaa, jumla GB 32.

Jumapili nikawa naangalia kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha matumizi ya kompyuta, nikakuta RAM inakimbia 2400. Nimelipia 3600 halafu natumia 2400? Nikaingia BIOS, kule kwenye mipangilio ya madabodi, nikawasha XMP, ule mpangilio wa kasi uliowekwa na mtengenezaji wa RAM, nikahifadhi. Ikajizima na kujiwasha kama mara tatu, ikawaka, na kweli ikaandika 3600. Nilifurahi sana. Jumatatu nikahamisha kazi yote ya harusi ya Jumamosi kutoka kwenye kadi mbili za kamera, nikaediti, mambo safi. Jana mchana nikaanza kurenda, yaani kuigeuza kazi iwe video ya mwisho. Ilipofika asilimia 70 hivi skrini ikawa ya bluu, imeandikwa MEMORY_MANAGEMENT. Nikarudia, safari hii ikafia asilimia 40. Usiku wa manane nikajaribu tena, ikarenda mpaka mwisho bila shida yoyote, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa.

Jamaa mmoja kaniambia RAM ina njaa ya umeme, niitoe volti 1.35 niipeleke 1.45. Mwingine anasema nizitupe zile za mtumba. Naombeni mwongozo: kuovakloki RAM, yaani kuipandisha kasi kupita kiwango, kuna usalama kweli? Hiyo 1.45 haitaunguza kitu? Jumamosi nina kazi Magu, kesho nafomati kadi nijiandae, kwa hiyo ningependa hii ya wiki iliyopita niwe nimeimaliza.


MamaFundi_Nyakato
Jumatano, saa 3 usiku

Mdogo wangu, kabla ya swali lolote: kadi hizo usizifomati. Zitie kwenye bahasha, andika tarehe juu yake, azima kadi nyingine za kwenda nazo Magu. Sababu nitakupa, lakini hilo lifanye sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma.

Mimi natengeneza kompyuta hapa Nyakato na jambo hili limenikuta mwenyewe. Mashine yangu ya mezani niliwahi kuipandisha RAM hadi 3800. Ikawaka, nikaicheza gemu jioni nzima, nikasema imekubali. Wiki iliyofuata akaja mzee mmoja kutoka Ukerewe na diski iliyokuwa inakata roho, ndani yake picha za familia za miaka mingi. Nikazihamisha zote kupitia mashine ile. Hakukuwa na ujumbe wowote wa kosa. Nikamkabidhi diski mpya, na ile ya zamani ikafa kabisa siku chache baadaye.

Baada ya mwezi akarudi. Akanifungulia picha moja: bibi kaketi kwenye mkeka nje ya nyumba, uso unaonekana vizuri hadi mikunjo ya macho, halafu kuanzia kifuani kushuka chini ni kijivu kitupu chenye mistari ya waridi. Picha kumi na tisa zilikuwa hivyo. Yule mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ile ya bibi inaweza kurudi, na haikuweza, kwa sababu asili yake ilikuwa kwenye diski iliyokufa. Tangu siku hiyo hakuna mashine inayotoka mezani kwangu na RAM iliyopandishwa bila kupimwa.

Kilichotokea ni hiki. Faili unapolihamisha hupita kwenye RAM. RAM hizi za kawaida za mezani hazina ule ukaguzi wa makosa unaoitwa ECC, ambao utaukuta kwenye seva. Biti moja ikigeuka njiani kutoka 0 kuwa 1, Windows haijui, diski haijui, kinaandikwa hicho hicho kilichoharibika. Skrini ya bluu uliyoipata ilikufaa, maana biti iliyogeuka ilikuwa ya mfumo wenyewe, ukasimama. Ikigeuka biti ya video ya bibi harusi, hakuna kinachosimama. Na wewe ulihamisha kadi Jumatatu, XMP ikiwa imewashwa tangu Jumapili. Umeelewa kwa nini nimekukataza kufomati.

Sasa maswali yako.

XMP yenyewe ni kuovakloki. Watu wengi wanadhani 3600 ndiyo kasi halali ya RAM na 2400 ni kuibiwa. Sivyo. Kiwango cha pamoja cha DDR4, kile cha JEDEC, shirika linalopanga viwango vya RAM, kinatumia volti 1.2, na RAM yako ikiwaka bila maelekezo mengine inakwenda kwenye kasi ya kiwango hicho. Ile 3600 kwa volti 1.35 ni kipimo cha mtengenezaji wa RAM, kapimia kwenye mashine zake, mbili zilizotoka boksi moja. Hakuijua prosesa yako, na hakujua kama utaongeza mbili nyingine za aina tofauti. AMD, watengenezaji wa prosesa yako, wanakuhakikishia 3200, na RAM zikijaa sloti nne hata hiyo inashuka. Wewe umeweka nne za familia mbili tofauti kwenye 3600, kupita ahadi za wote hao. Sishangai kuona inaanguka, nashangaa ilivyoweza kuwaka.

Kuhusu ya mchana na ya usiku: chunguza chumba chako. Una bati juu? Seli ya RAM ni kama ndoo iliyotoboka, chaji inavuja muda wote, ndiyo maana kila seli hujazwa upya kila milisekunde 64. Ikipata joto inavuja haraka zaidi. RAM iliyo ukingoni itapita vizuri usiku upepo wa ziwa ukiingia dirishani, na saa nane mchana itaanguka. Kwa hiyo ile kurenda hadi mwisho usiku wa manane usiihesabu kama ushahidi wa kitu.

Kuhusu 1.45: hapana, kwako hapana. Si kwamba itatoa moshi papo hapo. Zipo hata RAM zinazouzwa zikiwa na XMP ya 1.45. Lakini za kwako zilipimwa kwa 1.35, na zile za mtumba hujui zilipotoka. Kuna chipu ambazo ukizipa volti zaidi zinakwenda mbali, kama zile za Samsung zilizojulikana kwa jina la B-die, na kuna nyingine ukiziongezea hazisogei, zinapata joto tu na makosa yanazidi. Halafu shida yako inaelekea iko kwenye mzigo wa sloti nne, na mzigo huo unabebwa na prosesa. Kuongeza volti za RAM ni kumpa dawa asiyeumwa.

Sasa fanya hivi. Ingia BIOS, zima XMP, rudi 2400 na zote nne. Hakikisha umerudi kabla ya kukagua lolote, kwa sababu ukikagua mafaili huku RAM bado inakosea, kipimo chenyewe kitakudanganya. Ukiwa 2400, chomeka kadi moja na utumie amri iliyomo ndani ya Windows: certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Itakupa mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Fanya kwa faili lililo kwenye kadi na kwa nakala iliyo kwenye diski. Mistari ikifanana, nakala ni nzima. Ikitofautiana hata herufi moja, futa nakala, hamisha upya. Mafaili yakiwa mengi, PowerShell ina Get-FileHash, itakukagulia folda nzima. Ukimaliza fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika sfc /scannow, ili Windows ijikague mafaili yake, maana nayo imeishi siku nne kwenye RAM hiyo.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze kasi. Na fungua ubavu wa kesi uniambie feni za mbele zina hali gani.


Volti_Igoma
Jumatano, saa 4 usiku

Mkuu usitishwe. Mimi nina RAM kwenye volti 1.5 mwaka wa tatu huu, 4000, gemu zote zinakwenda, haijawahi kuungua. Weka 1.45 ulale. RAM ni za bei nafuu, ikifa unanunua nyingine.


MamaFundi_Nyakato
Jumatano, saa 4 na nusu usiku

Ndugu yangu wa Igoma, nakuamini kwamba haijaungua. Lakini yeye hakuja kuuliza kuhusu gemu. Gemu ikikosea biti moja, rangi ya ukuta inabadilika nukta moja kwa sekunde moja na hakuna anayeona. Faili la harusi likikosea, limekosea moja kwa moja. Bei ya RAM anaweza kuilipa, harusi ya mtu haiwezi kurudiwa.

Na hiyo 1.5, kwenye maandishi ya JEDEC ya DDR4 imewekwa kama mwisho kabisa ambao chipu isivuke. Hapo si pa kuishi miaka mitatu. Kama una nafasi usiku mmoja, pima yako kwa MemTest86, programu ya kupima RAM, uone. Natamani iwe nzima, nasema kwa moyo mweupe.

Jambo jingine kwa wote, maana naona watu wanakimbilia 4000. Kwenye prosesa hizi za Ryzen kuna njia ya ndani inayounganisha vitu, wanaiita Infinity Fabric, na inatakiwa iende mguu kwa mguu na RAM. RAM ya 3600 inapiga mapigo 1800 kwa sekunde, kwa mamilioni, na data inapita mara mbili kwa kila pigo, ndiyo maana programu ya CPU-Z inakuonyesha nusu na watu wanaogopa. Ile njia ya ndani nayo iwe 1800. Ukipeleka RAM 4000 na njia ikashindwa kufika 2000, madabodi inaweza kuhamia mwendo wa mbili kwa moja, na data inachelewa kuliko ulivyokuwa kwenye 3600. Namba imepanda, mashine imepungua.

Na hesabu ya CL iko hivi: chukua CL, zidisha kwa 2000, gawa kwa kasi. 3200 CL16 ni nanosekunde 10. 3600 CL18 ni nanosekunde 10 vilevile. 2400 CL17 ni kama 14. Kwa hiyo kutoka 2400 kwenda 3200 unapata kitu, na kutoka 3200 kwenda 3600 kwa CL hizo unaongeza upana wa barabara tu, kuchelewa ni kulekule. Kwa RAM zilizo kwenye njia mbili, upana huo ni GB 38.4 kwa sekunde kwenye 2400, 51.2 kwenye 3200, na 57.6 kwenye 3600. Anayetumia grafiki ya ndani ya prosesa kucheza gemu ataisikia tofauti, kwa kuwa grafiki hiyo inakula RAM ile ile. Kwenye kurenda video tofauti ni ndogo sana. Kwako Kitangiri, GB 32 zilizotulia ni bora kuliko GB 16 zinazokimbia.


Pichazangu_Kitangiri
Alhamisi, saa 1 usiku

Mama shikamoo, na wabeja sana. Kadi ziko kwenye bahasha. Za Magu nimeazima kwa rafiki yangu wa Pasiansi.

Nimerudi 2400 zote nne. Ukaguzi wa mafaili unaendelea, ni mengi na yale ya 4K ni mazito, nitaleta jibu.

Ila nimefungua ubavu kama ulivyosema na sikuamini. Kesi yangu ina kioo ubavuni na RAM za boksi zina taa za rangi, huwa naziacha zinawaka usiku nikirenda. Dirisha linaangalia ziwani. Feni mbili za mbele, kile kichujio cha wavu kimefunikwa na wale wadudu wadogo wa ziwani, wamegandamana wamekuwa kama blanketi la kijivu, nimelibandua kwa kidole likatoka kipande kizima. Wengine wamepenya wamejaa katikati ya RAM na RAM, kwenye mabawa ya hitisinki ya prosesa wamekauka na vumbi. Harufu yake kama dagaa waliolowa mvua. Na ndiyo, juu ni bati, dari la mbao nyembamba tu.

Nimetoa kila kitu kwa brashi ya rangi laini, nikashika feni zisizunguke, nikapuliza. Kichujio nimekiosha kwa maji nikakianika.

Swali: nikiwa napima, nianzie wapi? Na umeme wa huku mtaani unakatika bila taarifa. Ukikatika katikati ya mambo ya BIOS inakuwaje?


MamaFundi_Nyakato
Alhamisi, saa 2 usiku

Marahaba mwanangu. Hao wadudu ndio niliowategemea. Wanafuata mwanga, na mwezi ukiandama wanatoka ziwani kama moshi. Zile taa za RAM zizime kabisa, kuna sehemu ya kuzima kwenye BIOS au kwenye programu iliyokuja na madabodi. Usiku funga pazia.

Umeme ukikatika wakati unabadilisha tu mipangilio ya RAM, kibaya kikubwa ni kwamba haitawaka na mipangilio hiyo. Usihangaike. Iache kwanza ijaribu yenyewe, huwa inajizima na kujiwasha mara kadhaa ikitafuta mwendo unaokubalika, mpe dakika chache. Ikishindwa kabisa, chomoa waya wa umeme, itoe ile betri bapa ya saa, CR2032, kaa dakika tano, irudishe. Au gusanisha pini mbili za kufuta mipangilio kwa ncha ya bisibisi, mahali pake pameonyeshwa kwenye kitabu cha madabodi. Itaamka ikiwa imesahau yote. Lakini kusasisha BIOS yenyewe ni jambo jingine. Hilo ukikatiwa katikati unaweza kuiua madabodi. Usiliguse bila UPS, ile betri ya akiba, uliyoijaribu kwa kuchomoa plagi ukutani ukaona inabeba.

Upimaji: kwanza zitoe zile za mtumba. Za boksi ziweke sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Washa XMP, 3600, volti zibaki 1.35. Kabla ya kuhifadhi, angalia volti inayoitwa SoC, ya ile sehemu ya prosesa inayohudumia RAM. Baadhi ya madabodi zikiachiwa ziamue zenyewe zinapeleka juu kuliko inavyohitajika. Kwa yako, 1.1 inatosha kwa 3600, usiiache ivuke 1.2. Hili la SoC si dogo. Mwaka 2023 kwenye kizazi cha Ryzen 7000 zilitokea prosesa zilizoungua kwa volti hiyo kuzidi, hadi AMD ikaweka kikomo cha 1.3 kwa kizazi hicho.

Weka MemTest86 kwenye fleshi, washa kompyuta kupitia fleshi hiyo. Toleo la bure linazunguka mara nne, acha usiku kucha. Kosa moja tu, hata likiwa moja kwenye mizunguko yote, ni kufeli. Usijiambie kwamba moja ni dogo. Ikipita usiku, bado hujamaliza: saa saba mchana washa Windows, funga madirisha kama unavyofanya ukirekodi sauti, pima kwa TestMem5, programu nyingine ya kupima RAM, huku chumba kimechemka. Ikipita na hapo, hizo mbili ni nzima kwenye 3600. Kisha zitoe, ziweke za mtumba peke yake kwa 3200 yao, vivyo hivyo. Tukishajua kila jozi ni nzima kivyake, ndipo uziweke nne pamoja na kutafuta kasi zinayoelewana. Anzia 3200 kwa CL18 na volti 1.35. Ikikosea, shuka 2933. Usipandishe volti kutafuta namba.

Ni kazi ya siku mbili tatu. Najua una haraka. Kazi ya wateja fanya kwenye 2400 wakati huohuo, inatosha.


Mwana_Bukoba
Ijumaa, saa 5 asubuhi

Nafuatilia kwa makini kutoka Bukoba. Mimi nina DDR5, kizazi kinachofuata DDR4, nimeambiwa zina ECC ndani yake kwa hiyo haya hayanihusu. Ni kweli?


MamaFundi_Nyakato
Ijumaa, saa 7 mchana

Nusu ni kweli, ndugu wa Bukoba, na nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza watu. DDR5 inajisahihisha makosa ndani ya chipu yenyewe. Data ikishatoka kwenye chipu ikawa njiani kwenda kwenye prosesa, ulinzi huo haupo, na ukipandisha kasi makosa mengi hutokea njiani hapo. Kuna baya zaidi: kule ndani inasahihisha kimyakimya, kwa hiyo RAM inaweza kuwa inachoka na wewe unaona iko sawa. Pima kwa muda mrefu zaidi ya mwenye DDR4. Na hizo zinaanzia volti 1.1, kiwango cha umeme kinapangwa juu ya RAM yenyewe, kwa hiyo namba nilizomwandikia huyu mwanangu wa Kitangiri usizichukue.


Pichazangu_Kitangiri
Jumanne, saa 3 usiku

Mama, nimemaliza. Nilitaka nije na majibu kamili, ndiyo maana imepita zaidi ya wiki.

Za boksi mbili peke yake, 3600, SoC 1.1: usiku zimepita mizunguko yote minne. Mchana Jumapili, bati likilia kwa jua, TestMem5 ikapita pia. Kabla sijasafisha wale wadudu nadhani zisingepita. Za mtumba peke yake, 3200: zimepita usiku na mchana. Kwa hiyo si mbovu, na aliyesema nizitupe alikosea.

Zote nne kwenye 3600, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho: kosa la kwanza lilitokea kabla ya dakika kumi. Halafu yakamiminika, skrini nzima nyekundu. Nilikaa nikaitazama nikafikiria kwamba hivyo ndivyo mashine ilivyokuwa Jumatatu wakati nahamisha kadi. Nne kwenye 3200: usiku safi, mchana kosa moja baada ya saa moja na nusu. Moja tu. Nikakumbuka maneno yako, nikashuka. Nne kwenye 2933: usiku safi, mchana safi, jana nimerudia mchana tena, safi. Hapo ndipo nimebaki.

Nimepima na kurenda. Mradi ule ule wa dakika 42: kwenye 2400 dakika 31, kwenye 2933 dakika 30. Dakika moja. Nilikuwa nahangaikia dakika moja.

Sasa mafaili. Yapo 86. Themanini na tatu yamelingana na kadi. Matatu hayakulingana. Mawili nimeyaangalia sioni tofauti kwa macho, huenda ni nukta mahali fulani. La tatu ni pale mama mzazi anapomfunga binti yake kitenge kabla hajatoka nyumbani. Anaanza kusema, anasema "mwanangu", halafu picha inapasuka vigae vya kijani na sauti inakwaruza kwa sekunde sita, ikirudi ameshamaliza kufunga na binti analia. Nilikuwa nimeliweka kwenye video ile niliyoirenda usiku wa manane, bila kulitazama lote, na ningewapelekea hivyo.

Kwenye kadi ni zima. Nimelifungua moja kwa moja kutoka kwenye kadi nikalisikiliza mpaka mwisho. Anasema, "Mwanangu, huku ni kwenu hata ukiwa mbali." Nimehamisha upya yote matatu, nikalinganisha, nikarenda upya kwenye 2933. Familia wanakuja kuchukua kesho saa nne.


MamaFundi_Nyakato
Jumanne, saa 3 na nusu usiku

Namshukuru Mungu. Kadi ziache kwenye bahasha mpaka wawe wametazama yote nyumbani kwao.